Paris–Roubaix au Strade Bianche?
Zote ni mbio za baiskeli za siku moja kwenye njia mbovu za mashambani, ila ubovu wenyewe haufanani. Paris–Roubaix ya Ufaransa, iliyoanza 1896, haina milima. Kinachotesa ni vipande vya barabara vilivyotandazwa mawe, jumla kilomita 55 hivi. Ndani ya msitu wa Arenberg usukani hutetemeka hadi viganja vinatoka malengelenge, na mvua ikinyesha, tope humfanya kila mwendeshaji afanane na mwenzake. Mshindi naye hupewa nini? Jiwe!

Strade Bianche ya Toscana, mkoa wa Italia, ni changa, ya 2007: changarawe nyeupe, vumbi na vilima. Mwinuko mkali wa mtaa wa Via Santa Caterina, pale mjini Siena, humpendelea mwepesi wa kupanda. Kwa mandhari, Toscana inashinda. Mimi lakini, nikilazimishwa kuchagua, nitakaa na Roubaix.