Makumbusho ya Livingstone Ujiji, nendeni asubuhi

Jumamosi nlimpeleka shangazi yangu katoka Tabora, hajawahi kufika Ujiji. Tulipanda bajaji pale mjini Kigoma, jamaa akatupiga bei ya wageni kisa shangazi kabeba begi kubwa, tukabishana weee mpaka akashusha. Kutoka mjini si mbali, ni kilomita kama nane hivi.

Ndani kuna sanamu za Livingstone, yule mmisionari Mskoti, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wanavuliana kofia, shangazi kacheka hadi machozi eti wanaume wamekutana porini na bado wana adabu za harusini 😂. Ila mi sehemu niliyoipenda ni nje, ule mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba umechorwa juu yake, na miembe miwili. Mwembe wenyewe waliokutana chini yake 1871 ulishakufa, hii ni vipandikizi vyake, kwahiyo usije ukakumbatia gamba ukasema umegusa historia.

Kitu kingine watu wanashangaa ziwa Tanganyika liko wapi, maana zamani maji yalikuwa karibu, sasa hivi yamerudi nyuma, inabidi utembee. Pia muulizeni anayewatembeza kuhusu njia ya misafara ya pembe na watumwa toka Bagamoyo, na kina Susi na Chuma, watumishi wake, waliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani, yaani hapo shangazi akanyamaza kabisa.

Jua la mchana ni kali, kivuli ni cha miembe tu. Tukamalizia na migebuka (samaki wa ziwani) na ugali mwaloni.