Gari la gia za mkono katika safari za kila siku
Baada ya kuendesha gari la gia za mkono kila siku kwa miaka 3, nimeona kwamba sifa yake kubwa si kubana mafuta, kwa kuwa magari mengi ya otomatiki ya siku hizi yamelifikia na hata kulipita katika hilo, bali ni jinsi linavyomtii dereva: ukiteremka mlima mrefu katika gia ya 2 au ya 3, injini yenyewe hulizuia gari, na breki hazipati moto kupita kiasi.

Penye foleni anayechoka ni dereva. Mguu wa kushoto hukanyaga na kuachia klachi mara zisizohesabika, na mwenye mazoea ya kuuegemeza juu ya pedeli, kosa nililolifanya mwenyewe mwaka wa kwanza, huimaliza klachi kabla ya wakati wake. Kwa anayeshinda kwenye msongamano nisingelipendekeza, ila kwa barabara zilizo wazi ningelinunua tena bila kusita.

Kuondoka ukiwa mlimani kunataka breki ya mkono na subira. Mara kadhaa gari lilinizimikia huku honi zikilia nyuma yangu.