Punje za 3A za kukausha ethanoli: nunua, ila zipime kwanza

Ninasimamia maabara ya kemia chuoni, na kero yangu kubwa ni maji kwenye ethanoli. Ukiikeneka vizuri utafika asilimia 95.6 kwa uzito, basi. Hapo maji yaliyobaki hupanda na mvuke wa pombe kwa uwiano uleule, hata urudie mpaka usiku. Hizi punje za 3A, za seolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno), ndizo zinazomaliza kazi.

Kwa macho ni vitu vyeupe vyenye ukubwa wa mtama. Ndani ni fuwele zenye vitundu vya takriban nanomita 0.3: maji yanapenya, ethanoli inagota mlangoni. Ndiyo maana nasisitiza 3A, yaani yenye vitundu vya ukubwa huo. Ukiletewa 4A au 5A irudishe, maana vitundu vyake ni vikubwa zaidi na vinaipokea hata pombe yenyewe.

Lita moja ya ethanoli hiyo ina kama gramu 35 za maji, na punje hubeba takriban moja ya tano ya uzito wake. Mimi naweka gramu 250 kwa lita, nafunga chupa, naiacha siku kadhaa. Kisha nadondoshea kidogo kwenye kopa salfeti kavu, unga mweupe unaogeuka buluu ukikutana na maji. Ikibaki nyeupe, nafurahi kwa kweli. Wanakemia wa Johannesburg walichapisha mwaka 2010 vipimo vilivyoonyesha kuwa 3A inakausha viyeyushi kuliko hata sodiamu, na bila hatari ya moto wa sodiamu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya ufungaji: mfuko wa nailoni mwepesi, na punje hunyonya unyevu wa hewa hukohuko stoo. Kabla ya kulipa, weka punje chache kiganjani, dondoshea maji. Nzuri zinapata joto papo hapo, mpaka utazimwaga. Zikikaa baridi, zimeshashiba. Vumbi nalo lipo, kwa hiyo chuja ethanoli kabla ya kuitumia.

Zikishiba hazitupwi. Zianike nje kwanza, mbali na moto, mpaka harufu ya pombe iishe kabisa, ndipo uziingize kwenye tanuri la nyuzi 250 hadi 300 kwa saa kadhaa. Oveni ya kukaushia vyombo vya maabara, ile ya nyuzi 110, haitoshi. Zipoze ndani ya chombo kilichofungwa. Na kwa asetoni usiziache zikae muda mrefu, kwani asetoni huanza kuungana yenyewe kwa yenyewe juu yake.