Lamperi, Bhutan: bustani ya kutembelea polepole

Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Lamperi iko karibu na kipito cha milimani cha Dochula, kati ya Thimphu na Punakha. Ratiba nyingi huipa nusu saa tu, picha mbili tatu kisha safari. Ni hasara. Tenga nusu siku nzima, na mwombe wakala akupe mwongozaji anayejua mimea. Wanaojua historia ya mahekalu ni wengi. Wa majani si wengi.

Nenda Aprili, rododendroni, miti na vichaka vya maua vya milimani, zinapochanua. Usiishie kwenye ua. Geuza jani la Rhododendron arboreum: chini lina utando kama vumbi la fedha, wakati mwingine wa hudhurungi. Hapo ndipo spishi hutofautishwa, kwa hiyo lenzi ndogo ya mkononi ni ya lazima. Asubuhi ukungu hulowesha njia, na viatu vya mpira laini huteleza vibaya.

Popi za buluu usizitafute hapa. Panda kipito cha Chelela, juu ya mji wa Paro, karibu mita 4,000, Juni hadi Julai, baada ya kulala Paro usiku 2 ili mwili uzoee urefu na kichwa kisikuume. Ni msimu wa mvua, na misitu ya chini ina ruba. Popi nyingi huchanua mara moja zikafa. Ukichuma ua, umechuma na mbegu.

Gharama haina huruma: ada ya serikali ni dola 100 kwa usiku, viza dola 40, na hoteli bado.