Kung'oa kwa mkono au kufyeka, ipi inafaa kingo za mto?

Jamani kila tukishuka mtoni kujitolea kuondoa magugu vamizi swali ni lilelile, tung'oe au tufyeke? Mi niko upande wa kung'oa, hasa kwa balsamu ya Himalaya (Himalayan balsam, gugu vamizi la kingo za mito), maana mizizi yake iko juujuu tu, unashika shina chini kabisa unavuta taratibu mpaka unasikia linaachia udongo, na mimea ya asili iliyo pembeni haijaguswa. Kufyeka kuna spidi, eneo kubwa mnalimaliza mapema, ila lazima ukate chini ya kifundo cha kwanza cha shina kutoka chini, ukikata juu yake linachipua tena na kutoa maua, kazi yote bure. Na vyovyote vile wahini kabla mbegu hazijakomaa, kwa sababu vile vifuko vikipasuka vinarusha mbegu hadi mita 7 hivi, zikiangukia majini ndo mto unazibeba kwenda kuota huko chini.

Notiwidi ya Japani (Japanese knotweed, gugu vamizi jingine) ni habari nyingine kabisa, hiyo usivute wala usifyeke ovyo! Kipande kidogo tu cha mzizi kikibaki kinaota upya, waachieni wenye ujuzi nayo.