Primula au asumini kwa bustani ya Mombasa?
Primula, ua dogo la Ulaya lenye rangi ya manjano hafifu, hupenda kivuli chepesi, udongo wenye unyevu na, zaidi ya yote, baridi. Kwa hiyo hapa Mombasa, ambako hata usiku wa Julai ni nadra joto kushuka sana chini ya nyuzi 20 za selsiasi, hunyauka mapema hata ikimwagiliwa kila siku. Asumini hutaka jua, udongo usiotuamisha maji, na kupogolewa baada ya kuchanua, kwa kuwa maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya. Matumba yake huchumwa alasiri, kabla hayajafunguka, yakatungwa vikuba, yaani vishada vya kujipamba vyenye kunukia, na harufu hukolea usiku. Mimi ningepanda asumini. Primula ningewaachia wenzetu wa Limuru, kwenye baridi ya nyanda za juu.