Nimesimama uani patupu, naambiwa pikipiki ipo

Nilikuja kutoa nyota moja. Nikimaliza kuandika sijui zitakuwa ngapi, maana hasira zangu na huu mfumo hupanda na kushuka.

Niliununua mzima: kamera ya getini, vihisi mwendo viwili vya uani, na kifaa cha GPS kilichofichwa chini ya kiti cha pikipiki. Niliambiwa ni "mtandao mmoja", kila kitu kiganjani. Sawa.

Asubuhi moja hivi karibuni natoka nje, pikipiki hakuna. Nafungua programu: nukta ya kijani imetulia tuli uani kwangu. Nikatazama nukta, nikatazama chini. Doa la oili tu. Nikapiga huduma kwa wateja.

"Chombo chako kipo nyumbani, mteja."

"Dada, nimesimama pale pale kilipokuwa."

"Ramani inaonyesha kipo. Labda uangalie vizuri."

Niangalie vizuri! Pikipiki, siyo sindano!

Kwa wasiojua: GPS haipeleki habari popote, inapokea tu mawimbi hafifu ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, na inahitaji angalau nne ili ijue ilipo. Kupeleka ni kazi ya laini ya simu iliyo ndani ya kifaa. Pakia pikipiki kwenye lori lenye bodi la chuma, ufunge mlango: anga haionekani, laini haishiki. Kwa hiyo nukta ile ilikuwa habari ya jana usiku, na programu haikusema. Kijani kile kile! Wangeigeuza kijivu tu, ningejua.

Kinachoniuma zaidi, kamera ya getini iliwaona. Watu wawili wanaisukuma, injini imezimwa, saa imeandikwa kwenye kona ya picha. Kihisi nacho kingepiga kelele, ila nilikuwa nimekinyamazisha mwenyewe, kwa sababu kinanusa joto linalosogea, na paka ana joto kama mwizi. (Hapo nusu ya lawama ni yangu.) Kimoja kimeona inatoka, kingine kinashikilia ipo, na hakuna wa kuvikutanisha. Mtandao gani huo? Hao ni majirani wasiosalimiana.

Haya, niwe mkweli. Siku ya pili nukta iliruka. Walipoishusha tu, kifaa kikapata anga, nikaonyeshwa barabara hadi uzio wenyewe. Nikaenda na polisi, tukaikuta, imepungua kioo kimoja cha pembeni. Bila kile kidude nisingeiona tena. Basi nyota nne, nazitoa huku nasaga meno.

Lakini yule dada! Katika kubishana, ili anithibitishie kuwa kifaa ni kizima, alinisomea: "Ijumaa ulitoka kazini mapema, ukasimama mahali saa mbili nzima, ndipo ukarudi." Simu iko kwenye spika. Mke wangu yuko pembeni. Nilikuwa kwa rafiki mgonjwa, na bado nilijieleza usiku kucha.

Yaani pikipiki iliyoibwa hajui iko wapi, ila Ijumaa yangu anayo mezani. Nimeuliza ni nani wengine wanaona safari zangu, na zinatunzwa kwa muda gani. Nimejibiwa "tutakupigia". Hawajapiga.

Nyota mbili. Kifaa bado kiko chini ya kiti, sijathubutu kukitoa.